Gari Langu Linazidi Kunyamaza

Mpendwa mshauri,

Naomba unishike mkono maana nimefika mahali ambapo peke yangu sivuki. Mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, fundi wa kutengeneza cherehani, na zamani mke wangu alikuwa akinisomea safu yako kila wiki tukinywa chai, mimi nikiwacheka hao wanaokuandikia, mpaka alipoacha kunisomea mwaka juzi bila kusema sababu, na leo mwenyewe nimekaa mezani na kalamu, na jambo lenyewe, tafadhali usinicheke, ni gari.

Gari langu lina miaka ishirini na saba, na kati ya hiyo ishirini na mmoja limekuwa mikononi mwangu. Ni gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa, na sitii chumvi nikikuambia kwamba halijawahi kuniacha njiani hata siku moja, si kwenye tope, si kwenye kile kilima cha hospitali siku binti yangu alipokuwa anajifungua na mvua imebomoa nusu ya barabara. Mafuta ya injini nabadilisha kabla ya muda wake, chujio la hewa nalipuliza kila Jumapili, mipira ya milango naipaka glisalini isikauke, na kila nilichobadilisha nimekiandika na tarehe yake kwenye daftari la jalada gumu linalokaa kwenye kidroo cha mbele. Majirani zangu wana magari mapya yanayovutwa kwa kamba, na anayewavuta ni mimi.

Lakini magari mazima yapo mengi, na kama ingekuwa ni hilo tu nisingekuchosha. Nataka nikueleze ajabu ambayo nimeishi nayo miaka sita, na sijamweleza mtu yote kwa pamoja kwa sababu naona wataniambia nimeanza kuchanganyikiwa. Kazi nilifundishwa kiwandani, kiwanda cha nguo, ambako nilitengeneza cherehani miaka ishirini na minne ndani ya ukumbi mmoja wenye mashine mia mbili zinazoshona kwa pamoja, na mzee aliyenifundisha aliniambia ubovu wa mashine husikika kabla haujaonekana, kwa hiyo fundi asikilize kwanza ndipo ashike spana. Na gari langu nimelitunza hivyo hivyo. Kila asubuhi nafungua boneti, nawasha injini, naweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake wa mbao nauweka sikioni, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Zamani nilikuwa nasikia kila kitu humo ndani, vali zikigongagonga, pampu ya maji ikinung'unika, mkanda ukisugua. Basi miaka kama sita iliyopita vali zikaacha kugonga. Sikugusa kitu, mshauri. Mwaka uliofuata mkanda ukatulia, kisha pampu, na sasa hivi naweka bisibisi pale nakutana na kimya, injini inazunguka naiona kwa macho yangu, feni inazunguka, na sauti yote imebaki kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Gari linazeeka na badala ya kuchakaa linakomaa. Nimeshika mashine maisha yangu yote na sijawahi kuona mashine inayojiponya. Kuna asubuhi nafunga boneti taratibu na kuvua kofia, na simwoni wa kumwonea aibu.

Na siku moja mwanzoni mwa mvua hizi tulikuwa tunatoka kumtazama dada yake mke wangu, mimi na yeye tu, mvua ikatushika barabarani, kubwa, matone mazito yakawa yanapasukia kwenye kioo na kurukaruka juu ya boneti, na nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unasisimka. Mvua ile haikuwa na sauti. Ilikuwa inanyesha mbele ya macho yangu kama picha, na ndani ya gari palikuwa na utulivu ambao sijaupata hata katika nyumba ya ibada, na chini yangu kiti kinatetemeka kidogo, mtetemo mdogo sana, kama vile gari lenyewe liko hai na linafurahi. Nikasema moyoni, kumbe kazi ya mikono yangu inaweza kufika hapa, kufungia hata mbingu nje. Machozi yalinitoka. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, ameelekea dirishani, midomo inamchezacheza kama mtu anayesali, nami nikamwachia sala yake, sikutaka kuivunja saa ile kwa maneno. Tulipofika nyumbani akashuka, macho mekundu, akafunga mlango polepole na kuingia ndani bila kunitazama, nami nikadhani naye ameguswa kama nilivyoguswa mimi.

Tangu siku hiyo hiyo ndipo alipoanza wimbo wa kuuza gari. Anasema gari linalia. Alinijia nikiwa nalifuta vumbi akasimama mbele yangu akasema, "Baba watoto, hii gari inalia kama mashine ya kusaga, na wewe umekaa tu. Iuze kabla haijatuua." Nikaingia, nikawasha, nikaenda nalo mpaka mwisho wa barabara na kurudi, vioo vyote nimeshusha, sikupata hata mkwaruzo. Nikamwambia kama umechoka na gari sema umechoka, usilipake matope. Hakujibu, au kama alijibu alijibu kwa ile sauti yake ya siku hizi, maana mke wangu amekuwa mtu wa kununa, anasema maneno nusu akiwa ameshanipa mgongo, na mimi sina desturi ya kumbembeleza mtu mzima aongee. Sasa hapandi tena gari langu. Anakwenda sokoni kwa miguu na mzigo wake, mimi napita na viti vitupu, watu wanatutazama, na kama kuna aibu iliyobaki ambayo sijaionja niambie.

Mjukuu wetu wa miaka saba, huyo ndiye aliyebaki kuwa abiria wangu, nampeleka shule kila asubuhi, na yeye halalamiki, isipokuwa ameleta mchezo mpya wa kuziba masikio kwa viganja tangu tunapotoka getini hadi anaposhuka, nadhani wameuzua huko shuleni. Nikimtazama kwenye kioo ananitolea tabasamu na viganja viko pale pale.

Kilichoniuma zaidi ni Grisi. Grisi ni fundi magari, rafiki yangu wa miaka ishirini, mtu pekee mbali na mimi aliyewahi kulala chini ya gari langu. Nilipita kwenye gereji yake nipate mtu wa kunitetea, na hata kabla sijazima injini akatoka mbio anafuta mikono, akainamia gurudumu la nyuma, akaniambia, "Kaka, beringi ya kushoto huku imekwisha. Ukiendelea nayo hivi gurudumu litakuacha njiani. Kwani wewe husikii?" Nikajua pale pale kwamba mke wangu ameshafika kwake. Nikamwambia kama mmekula njama kaniuzieni na nyumba kabisa. Nikaondoka, na huu ni mwezi wa pili hatusalimiani.

Hata kazini naona watu wamebadilika. Mshonaji mmoja, mteja wangu wa tangu nilipotoka kiwandani, alinirudishia cherehani akidai nimeitengeneza na bado inakwaruza, nikaizungusha mbele yake, laini kabisa, nikamwambia tatizo ni uzi wake. Wateja wakinipigia simu wanaongea kama wamejifunika blanketi. Nikitazama naona kitu pekee ambacho hakijanigeuka ni hilo gari.

Sasa amejitokeza mnunuzi, mwalimu wa udereva, analitaka gari gumu la kufundishia wanafunzi wake. Bado hajaliendesha. Ameliona limeegeshwa, akapitisha kidole chini ya milango yote kutafuta kutu asiipate, akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa akitikisa kichwa kwa kustaajabu, na atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Je, nimpe, nimridhishe mke wangu na nyumba ipate amani, au nilishike hata kama nitabaki nalo peke yangu? Moyo wangu unaniambia kitu cha namna hii mtu hapewi mara mbili.

Ni mimi, Fundi Sindano.

*

Fundi Sindano, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka ulipowavuta majirani kwa kamba. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilijikuta nimesimama katikati ya ofisi na karatasi zako mkononi, chai yangu imepoa, na mwenzangu wa meza ya pili ananiuliza kama nimefiwa.

Nikupe kwanza kilicho chako. Wanaume wengi wananiandikia kuhusu magari, na karibu wote wanataka nimlaumu fundi. Wewe umelitunza gari miaka ishirini na mmoja kwa mikono yako, umekumbuka hadi mipira ya milango, na baada ya yote hayo bado unalivulia kofia. Mtu anayeweza kustaajabu namna hiyo mbele ya kitu anachokiona kila siku hana moyo mgumu, na ndiyo maana nitakuambia ukweli bila kuuzungusha.

Keti. Gari lako halijanyamaza. Masikio yako ndiyo yanayokuaga.

Vali hazikuacha kugonga, mkanda haukutulia, na pampu ya maji inanung'unika mpaka leo hii. Mvua ile iliyokutoa machozi ilikuwa na sauti kama mvua zote. Wewe uliacha kuzisikia sauti hizo moja baada ya moja, taratibu mno, na kwa kuwa ulifundishwa kwamba mashine nzima ni ile isiyo na kelele, kila sauti iliyokupotea uliihesabu kuwa ni uzima wa gari. Mtu mwingine angeshituka mapema. Fundi mzuri kama wewe ndiye anayeweza kukosea hivi. Nakiri kwamba nimeduwaa, ndugu yangu. Sijawahi kusoma habari ya mtu anayeibiwa kidogo kidogo miaka sita na kila asubuhi anashukuru.

Mimi si daktari na sijakuona. Lakini rudi kwenye barua yako kama unavyorudi kwenye mashine iliyoletwa mezani. Simu zote zina blanketi. Mteja wa miaka mingi anasikia mkwaruzo, wewe unaona ulaini. Mke ana sauti ya nusu, na ni akiwa amekupa mgongo. Grisi anasikia beringi kabla hujazima injini. Watu hawa hawakukaa pamoja kupanga, na wote wanasema jambo moja. Wewe umeona ni njama, kwa sababu kuwa na maadui kulikuwia rahisi kuliko kuwa na umri. Na ukiniuliza maradhi yametoka wapi, nitakuuliza miaka ishirini na minne ndani ya ukumbi wa cherehani mia mbili ulikuwa unaziba masikio kwa kitu gani. Najua jibu. Ulikuwa unasikiliza.

Sasa nikukaripie, maana umelitafuta. Rafiki wa miaka ishirini ametoka mbio kukuokoa, ukamwambia amekula njama na mkeo. Umemlaumu mteja ambaye hakukosa. Na huyo mjukuu, Fundi Sindano, hachezi mchezo wowote. Mtoto wa miaka saba anaziba masikio kwa sababu amekaa karibu na gurudumu la nyuma linalosaga chuma, kila asubuhi, na anakutabasamia kwa sababu anakupenda na hataki kukuudhi. Ule mtetemo kwenye kiti uliouona ni furaha ya gari ni hiyo beringi ikiomba kufa. Umembeba mtoto juu yake miezi miwili. Nilipofika hapo ndipo niliposimama.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma, weka ufunguo wa gari juu ya kabati, na usiuguse. Mtoto apelekwe shule kwa miguu au kwa basi. Nenda kwa Grisi, nenda kwa miguu, usitume mtu na usitume ujumbe, umwombe radhi mbele ya wale wale waliokusikia ukimtukana. Mlete nyumbani kwako na jeki. Alinyanyue gurudumu la kushoto nyuma, alizungushe kwa mkono, na wewe weka kiganja chako juu ya springi. Masikio yanaweza kukudanganya, lakini hiyo mikono ni ya fundi. Utausikia ubovu kwa vidole, na pale pale utajua kwamba mkeo hakuwahi kulipaka gari lako matope.

Hospitali uende wiki hii hii, kwenye chumba cha masikio. Huenda ni nta iliyojaa na utatoka siku hiyo hiyo ukisikia viatu vyako. Huenda ni kile kiwanda, na utapewa kifaa cha kuvaa sikioni, kidogo kuliko subana, ile kofia ya chuma mshonaji anayovaa kidoleni. Ukipewa, kivae. Usije ukaniandikia kwamba kinakufanya uonekane mzee. Una miaka sitini na mitatu na umekuwa ukivulia kofia injini, haiba haijakusumbua mpaka leo. Na muulize daktari waziwazi kama unafaa kuendesha gari, kisha ulitii jibu lake kama ulivyokuwa unamtii yule mzee wa kiwandani.

Kuhusu mwalimu wa udereva, mpigie simu, au mwombe binti yako ampigie, mwambie Jumamosi asije. Usimuuzie mtu gari lenye beringi iliyokufa na daftari linalosema liko zima, tena apakie wanafunzi. Najua hukukusudia kudanganya. Wanafunzi wake wangeanguka vilevile.

Sasa swali lako. Usiliuze. Gari hilo halina ubovu ambao Grisi hawezi kuumaliza asubuhi moja, na sababu uliyokuwa unaliuzia haipo, maana mkeo hajachoka na gari. Likishapona, na wewe ukishapimwa, mkae wawili mzungumze kama libaki ama liende, na neno lake liwe na uzito sawa na lako. Kama daktari atakukataza kuendesha, litafutieni dereva mwingine humo humo nyumbani, wewe ukae kiti cha pembeni na daftari lako. Umeniandikia habari za chujio la hewa na glisalini, lakini hukuniambia hata kama mkeo anajua kushika usukani. Muulize.

Nimekuachia jambo moja mwisho, kwa sababu nilitaka uwe umeshakaa vizuri.

Mkeo alikuwa akikusomea safu hii. Unasema aliacha mwaka juzi bila kutoa sababu. Mimi nadhani aliacha siku alipofika kwenye neno la kuchekesha akainua macho, akakuta unatazama ukuta. Mtu hawezi kusomea ukuta kila wiki. Na siku ile ya mvua, ndani ya gari, hakuwa anasali. Alikuwa anaongea na wewe. Wanawake wa umri wetu tukiwa na neno zito hutazama dirishani, hatumtazami mtu. Alisema neno lake lote, akangoja, na wewe ulikuwa na machozi machoni na hukumjibu kitu, kisha mkafika nyumbani. Sijui alidhani nini. Najua tu kwamba tangu siku hiyo hajakaa tena kiti kile.

Basi mpe gazeti hili. Mwambie akusomee jibu hili kuanzia juu, ukae mkabala naye, karibu kabisa, uitazame midomo yake, na pale usipopata umrudishe bila haya. Akifika kwenye mstari huu wa mwisho, mshike mkono asiinuke, umuulize alikuambia nini siku ile ya mvua.